Macho Yakianza Kufifia Ukubwani: Lipi Linasubiri, Lipi Halisubiri

Baadhi ya matatizo ya macho ya ukubwani yanaweza kungoja mpaka mshahara utoke. Mengine yanaweza kungoja miezi kadhaa bila hasara kubwa. Lakini lipo moja ambalo kadiri siku zinavyopita linamega uwezo wa kuona kidogo kidogo, kilichomegwa hakirudi, na mwenye jicho hahisi chochote. Na yapo machache ambayo kwayo hata usiku mmoja ni mrefu. Shida yetu hapa Dar es Salaam ni kwamba haya yote tumeyapa sababu moja: uzee. Bibi hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, ni uzee. Mama anasimamisha gari la Gongo la Mboto akidhani ni la Mbagala, ni uzee. Mzee ameacha kwenda msikitini alfajiri kwa sababu ya giza, watu wanamhurumia, wanasema ni uzee, na mambo yanaishia hapo.

Miaka peke yake haimpofushi mtu. Wanaopofuka uzeeni wanapofushwa na magonjwa, na mengi kati ya hayo yanatibika au yanazuilika yasiendelee. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019 kuhusu uoni, lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au lilikuwa bado halijashughulikiwa. Ndiyo sababu naona ni muhimu tuyatenganishe magonjwa haya, kila moja lisimame mahali pake na muda wake.

Tuanze na lile jepesi kuliko yote, kwa sababu linampata kila mtu. Kuanzia karibu na umri wa miaka 40, vitu vya karibu vinaanza kukosa ukali. Unasogeza simu mbali na uso. Maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa yanakuwa mstari wa ukungu. Unachambua mchele, kisha wageni wanatafuna mawe. Kinachotokea ni hiki: ndani ya jicho, nyuma kidogo ya mboni, kuna lenzi. Ujanani ni laini, na misuli midogo inayoizunguka huibadilisha umbo, ikanenepa ukitazama cha karibu na kuwa bapa ukitazama cha mbali. Miaka inavyokwenda lenzi inakakamaa na haigeuki tena kwa urahisi. Hali hii inaendelea mpaka kwenye miaka ya sitini, kisha inatulia. Wewe ukiwa umesoma au hujasoma, unatumia simu sana au hutumii kabisa, itakukuta.

Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Watu wengi wanaikwepa wakiamini kwamba ukishaanza kuvaa miwani macho yanazoea na kuharibika zaidi. Hilo si kweli. Lenzi inakakamaa kwa kasi yake, uvae usivae. Anayekataa miwani kwa miaka kumi hajayaokoa macho yake, amejinyima tu kusoma. Na hasara yake si ndogo: utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani ya kusomea watu wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za mikono, na kipato chao kikapanda kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi minane. Fundi cherehani wa Tandika au mama anayesuka ukili anaweza kuelewa matokeo hayo bila kuelezwa na mtaalamu.

Sasa, miwani ile inayouzwa mezani Kariakoo kwa elfu chache, ni salama? Haidhuru macho. Ina upungufu, kwa sababu pande zote mbili zina nguvu sawa wakati macho ya watu wengi hayalingani, na kama jicho lako lina kasoro nyingine miwani hiyo haitairekebisha, utabaki na kichwa kinachouma. Lakini hatari yake kubwa iko kwingine kabisa. Mtu anajaribu moja, anajaribu ya pili, anapata inayosomeka, anarudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba macho yake yameshapimwa. Hayajapimwa. Amenunua miwani. Ndani ya jicho hakuna aliyetazama, na huko ndani ndiko yaliko mambo mengine yote ya makala hii.

Lenzi ileile inayokakamaa ukubwani, miaka ikizidi inapoteza pia uangavu wake. Huo ndio mtoto wa jicho, na ndio unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu. Mwanzo wake ni wa polepole mno. Rangi zinapauka, kanga nyekundu inaonekana kama imefuliwa mara nyingi. Taa za magari Barabara ya Morogoro usiku zinatawanyika na kukuumiza. Unataka taa iwashwe saa kumi jioni. Miwani inabadilishwa mara kwa mara na kila mpya inasaidia kwa muda mfupi tu. Ipo pia dalili moja inayowafurahisha watu kimakosa: mzee aliyekuwa hasomi bila miwani anaanza kusoma tena Kurani au Biblia kwa macho matupu, na nyumba nzima inashukuru. Mara nyingi ni lenzi iliyoanza kuwa nzito katikati, ikabadilisha nguvu yake. Nafuu hiyo ni ya muda, na cha mbali kinazidi kufifia.

Usichanganye mtoto wa jicho na lile duara la kijivu au buluu linalozunguka sehemu nyeusi ya jicho kwa wazee wengi. Duara hilo halipunguzi uwezo wa kuona na halihitaji kupasuliwa. Wala usichanganye na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho upande wa pua na kutambaa kuelekea katikati, ambacho huwapata sana wanaoshinda juani, kwenye upepo na vumbi, kama wavuvi wa Feri na madereva wa bodaboda. Hicho kiko nje ya jicho. Mtoto wa jicho uko ndani, nyuma ya mboni, na katika hatua za mwanzo hauonekani kwa kumtazama mtu usoni.

Hakuna matone, vidonge, asali wala majani yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu fedha nyingi za wastaafu zinaishia huko. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyopoteza uangavu inatolewa, ya plastiki inawekwa mahali pake na kubaki humo maisha yote. Wazo hili lina historia ya kupendeza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aligundua kwamba marubani wa ndege za kivita walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni hawakupata madhara aliyoyategemea. Macho yao yaliivumilia plastiki ile. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Madaktari wengi wa wakati wake walimpinga. Leo ni miongoni mwa upasuaji unaofanyika kwa wingi kuliko mwingine wowote duniani, na unafanyika hapa Dar kila wiki.

Watu wanaogopa kisu karibu na jicho, na hofu hiyo ninaielewa. Kwa kawaida mtu mzima halazwi usingizi. Jicho linatiwa ganzi, kazi yenyewe inachukua karibu nusu saa, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo wakiwa na kikinga jicho. Kuna hatari, kama ilivyo kwa upasuaji wowote, hasa maambukizi, ndiyo maana unapewa matone ya kutumia kwa wiki kadhaa na unakatazwa kusugua jicho na kuinua ndoo za maji. Baada ya miezi au miaka, baadhi ya watu wanaona ukungu tena na kusema mtoto wa jicho umerudi. Haurudi. Ni utando mwembamba ulioachwa nyuma ya lenzi mpya ambao umepoteza uangavu, na unafunguliwa kwa leza kwa dakika chache bila kupasua.

Je, usubiri mpaka "uive"? Ushauri huo ni wa zamani, wa enzi ambazo njia za upasuaji zilikuwa tofauti. Siku hizi kipimo ni maisha yako: ukiona kazi, kuvuka barabara, kusoma au kutambua nyuso kumekuwa kugumu, wakati umefika. Ndiyo, mtoto wa jicho unaweza kusubiri miezi kadhaa ukijipanga fedha na mtu wa kukuuguza. Usiuache miaka. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi ni ngumu zaidi kuitoa, inaweza kuvimba na kupandisha shinikizo la jicho, na mzee asiyeona vizuri anaanguka, akivunjika nyonga hapo mambo yanakuwa mengine kabisa.

Ugonjwa usiopiga hodi

Nimeupa mtoto wa jicho nafasi kubwa, lakini kama kuna ugonjwa mmoja ninaotamani kila mtu aliyevuka miaka 40 aujue, ni presha ya macho, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa glakoma. Mtoto wa jicho unakupa ukungu ambao upasuaji unauondoa. Glakoma inaua neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu wenye nyuzi takriban milioni moja unaopeleka picha kwenye ubongo. Uzi uliokufa haufufuki, si Muhimbili, si India, si kokote.

Inavyofanya kazi ni hivi. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji safi yanayotengenezwa humo ndani mchana na usiku. Haya si machozi. Yana njia yake ya kutokea. Fikiria sinki la jikoni ambalo bomba lake halifungwi kamwe: njia ya chini ikianza kuziba, maji yanapanda. Jichoni hakuna pa kumwagikia, kwa hiyo kinachopanda ni shinikizo, na shinikizo hilo linaikandamiza neva pale inapotokea nyuma ya jicho. Kwa watu wengi shinikizo la kawaida liko kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Hata hivyo wapo wanaoharibikiwa neva likiwa ndani ya kiwango hicho, na ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Daktari anapaswa kuitazama neva yenyewe.

Presha hii si ile ya damu. Mtu anaweza kuwa anameza dawa za presha kila asubuhi kwa uaminifu na bado jicho lake linaangamia, kwa sababu dawa zile hazikulenga huko. Na presha ya damu ikiwa nzuri kliniki, hakuna aliyekuambia lolote kuhusu ile ya macho.

Kwa nini mtu hahisi? Aina inayowapata wengi wetu haiumi. Inaanza kula pembeni, si katikati. Katikati ndiko tunakosomea, tunakotazamia nyuso, kwa hiyo tunaona tunaona. Jicho moja likipoteza kipande, la pili linakifunika, na ubongo unajaza palipobaki tupu. Mtu anaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Anapovuka barabara pale Buguruni, bodaboda inatokea ubavuni kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Anamwaga chai nje ya kikombe. Ukimpeleka mbele ya ubao wa herufi anasoma mpaka mstari wa chini na kupongezwa. Naomba jambo hili likae kichwani: kusoma herufi zote si ushahidi kwamba huna glakoma. Anapokuja kugundua mwenyewe, mara nyingi jicho moja limeshakwisha na la pili limebaki na tundu dogo la kuchungulia.

Nasi tuko katika kundi la hatari. Watu wenye asili ya Afrika hupata glakoma zaidi, huipata mapema zaidi, na huwaendea kwa kasi zaidi. Hapa nchini, uchunguzi uliofanyika Kongwa mkoani Dodoma na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 waliovuka umri wa miaka 40 wanayo. Mtaa wenye watu wazima mia tatu wa umri huo, kama uwiano ni ule, una wagonjwa kumi na wawili, na wengi wao hawajui.

Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma yuko hatarini mara kadhaa zaidi ya mwingine. Hapa desturi yetu ya kuficha maradhi inatugharimu sana. Shangazi anatumia matone kwa siri miaka sita, kaka zake hawajui, wanakuja kujua wakiwa tayari wameshapoteza. Kama umeambiwa unayo, wapigie ndugu zako wote wiki hiyohiyo na uwaambie wakapime, na watoto wako wakishafika ukubwani nao wapime. Na kama babu alikufa akiwa haoni, uliza alianza kutokuona vipi. Wazee waliobaki wanakumbuka.

Matibabu yapo, na lengo lake ni kulinda kilichobaki. Wengi wanaoacha dawa wanaacha kwa sababu hawakuelezwa hivyo: wanatia matone miezi mitatu, hawaoni nafuu yoyote, macho yanawasha, chupa ni ghali, wanaona wanatapeliwa. Dawa hii haileti nafuu ya kuona. Ikikuacha mwakani ukiona kama unavyoona leo, imefanya kazi yake yote. Matone ya timolol ni ya kawaida na ya bei nafuu kuliko mengine, lakini mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole lazima amwambie daktari kabla hajaandikiwa, kwa kuwa dawa hiyo inaingia mwilini kupitia jicho. Ukitia, tone moja linatosha. Funga jicho, bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremke kooni. Kama una chupa mbili tofauti, ziachanishe dakika tano. Na kwa joto hili letu muulize mfamasia chupa inahifadhiwa wapi. Nyingine zinakaa kwenye friji kabla hazijafunguliwa, na nyingi zinatakiwa kutupwa mwezi mmoja baada ya kufunguliwa hata kama hazijaisha.

Kuna habari njema iliyotoka hapahapa kwetu. Madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, walishiriki katika utafiti uliolinganisha matone ya timolol na leza inayofungua njia ya maji ya jicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Kwa mtu ambaye kununua chupa kila mwezi ni mtihani, au anayeishi peke yake na mkono unatetemeka, tofauti hiyo ni kubwa sana. Leza haipatikani kila hospitali na haimfai kila mgonjwa, ila ni swali halali la kumuuliza daktari wako. Upasuaji nao upo kwa wale ambao dawa na leza havitoshi.

Kabla sijaiacha glakoma, neno moja kuhusu matone ya kununua bila kuandikiwa. Jicho likiwa jekundu mtu anaingia duka la dawa, anapewa chupa, linatulia ndani ya siku mbili, na kuanzia siku hiyo chupa ile inakuwa ya familia. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, dawa ya kutuliza wekundu na uvimbe, kama dexamethasone. Yanatuliza haraka kweli. Yakitumika kwa wiki nyingi bila usimamizi yanapandisha shinikizo la jicho na kusababisha glakoma, na yanaleta mtoto wa jicho pia. Soma kilichoandikwa kwenye chupa. Ukikuta jina hilo na hakuna daktari wa macho aliyekupangia mwisho wa dozi, ipeleke akaione.

Sukari, na hali za dharura

Mwenye kisukari ana ratiba yake tofauti na watu wengine: macho yapimwe kila mwaka, kuanzia mwaka aliogunduliwa ikiwa ni kisukari cha ukubwani, hata kama anaona vizuri kabisa. Sukari ya juu inaharibu mishipa midogo ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Mishipa inavuja, mingine inaziba, mipya dhaifu inaota na kupasuka. Hakuna maumivu. Ikigundulika mapema, leza au sindano za dawa ndani ya jicho zinaweza kuokoa uoni. Sindano hiyo inatisha kuisikia, lakini jicho linatiwa ganzi kwanza. Jambo jingine wengi hawaambiwi: sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo inavimba na kunywea, uoni unabadilika wiki hadi wiki. Usikimbilie kununua miwani kabla sukari haijatulia, utanunua miwani ya jicho ambalo halitakuwepo mwezi ujao.

Sasa yale yasiyosubiri kabisa. Kuona kukikatika ghafla kwa jicho moja au yote, hata kama hakuna maumivu na hata kama kumerudi baada ya dakika chache. Vidoti vyeusi vingi vinavyoelea vikitokea kwa mkupuo pamoja na mwanga unaomulika kama radi pembeni, au kivuli kama pazia kinachofunika sehemu ya jicho. Hiyo yaweza kuwa retina inabanduka. Jicho jekundu linalouma vikali pamoja na kichwa, kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Hiyo ni glakoma ya ghafla, aina nyingine inayoweza kupofusha ndani ya muda mfupi sana, na watu hupelekwa kutibiwa malaria kwa sababu ya kutapika. Jicho lililopigwa, lililochomwa au kumwagikiwa kemikali. Hapo huombi miadi, unakwenda leo. Kemikali unaiosha kwanza papo hapo kwa maji mengi safi ya kutiririka kabla ya safari. Kidoti kimoja au viwili vya zamani vinavyoelea ukitazama ukuta mweupe ni vya kawaida kwa mtu mzima.

Wakati wa mlipuko wa macho mekundu hapa jijini mwezi Januari 2024, Wizara ya Afya ililazimika kuwaonya watu waache kutia machoni vitu vya nyumbani. Onyo lile lilihusu ugonjwa wa virusi unaopita wenyewe. Kwa jicho la mtu mzima ambalo huenda tayari lina tatizo, mkojo, maziwa au maji ya majani yanaweza kupeleka vijidudu vinavyochimba kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kidonda kile kikipona kinaacha kovu jeupe.

Kwenda kupima

Ukifika miaka 40, pima macho mara moja kikamilifu hata kama huoni tatizo. Baada ya hapo kila mwaka mmoja au miwili, kutegemea daktari alichokuta na historia ya ukoo. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma ya macho. Hospitali ya CCBRT kule Msasani inajulikana sana kwa kazi hii. Na Muhimbili inapokea kesi zilizoshindikana kwingine. Kambi za kupima macho bure kwenye viwanja vya misikiti, makanisa na shule ni jambo jema, nendeni. Ila muulize mpimaji waziwazi: "Mmenipima na shinikizo la jicho? Mmeitazama neva?" Kama jibu ni hapana, umepimwa miwani tu, na bado una safari ya kliniki.

Kipimo kamili hakiumi. Utasoma herufi kwa jicho moja moja. Shinikizo litapimwa kwa mashine inayopuliza upepo au kwa kifaa kinachogusa jicho lililotiwa ganzi. Kisha utatiwa matone ya kutanua mboni ili daktari aone nyuma. Matone hayo yanakuachia ukungu na mwanga mkali kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende na gari lako mwenyewe, nenda na mtu, beba kofia au miwani ya jua. Beba pia chupa na vidonge vyote unavyotumia, na miwani ya zamani.

Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Utaratibu unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa na ustawi wa jamii, na hospitalini ulizia dirisha la wazee. Fuatilieni mapema kabla ya siku ya kliniki, si asubuhi ileile mzee akiwa amekaa kwenye benchi na njaa.

Na wazee wengine hawataki kwenda. Baba anasema, "Mimi naona vizuri tu," na kwa jinsi glakoma ilivyo, anasema kweli yake. Kubishana naye hakusaidii. Mwombe afunike jicho moja kwa kiganja atazame kalenda ukutani, kisha afunike la pili. Watu wengi hawajawahi kufanya hivyo maishani, na jicho moja linaweza kuwa limefifia miaka mingi bila mwenyewe kujua. Nawe fanya mbele yake. Akiona tofauti kwa jicho lake mwenyewe, mwambie, "Baba, twende wote tukapime, na mimi nimeshafika umri." Jaribio hili haligundui glakoma ya mwanzo, lakini linafungua mazungumzo.

Kuhusu kinga ya kila siku sina mengi. Acha sigara, inaharibu retina na kuharakisha mtoto wa jicho. Vaa kofia na miwani ya jua yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale ya jua inayodhuru; kioo cheusi kisicho na kinga hiyo kinatanua mboni na kuruhusu miale zaidi iingie. Mchicha, matembele, maembe, papai na dagaa vinafaa, na si lazima viwe vya bei. Vidonge vya "kuimarisha macho" vinavyotangazwa mitandaoni havizuii mtoto wa jicho wala glakoma. Skrini ya simu inachosha na kukausha macho kwa kuwa tunasahau kupepesa, haipofushi.

Kwa ambaye sehemu ya uoni imeshapotea na haitarudi, nyumba inaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Taa iwe nyuma ya bega ikimulika kitabu, isimpige usoni. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe au njano. Wali uwekwe kwenye sahani ya rangi, si nyeupe. Stuli na ndoo zisihamishwehamishwe. Mtoto asimame pale anapoonekana kabla ya kumsalimia bibi yake, ataje na jina. Na kwenye simu, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho na uwashe usomaji wa sauti kama upo, ili mzee asome mwenyewe salio lake na muamala wake, asilazimike kumtajia mtu mwingine namba ya siri.